Miraba na Ukuzaji wa Picha

Mtu atakaye kuikuza picha ndogo ipate kujaza ukuta, adui yake wa kwanza ni jicho lake mwenyewe. Huanza kwa kichwa, kikatoka vizuri. Hushuka mabegani, yakazidi kidogo. Afikapo kiunoni ukuta umekaribia kwisha, na mtu aliyekusudiwa kuwa shujaa hupewa miguu ya mtoto. Kosa hili ni la kale kama uchoraji wenyewe, na dawa yake ni ya kale vile vile. Dawa hiyo ni miraba.

Ushahidi wake wa zamani sana umo katika bara letu hili la Afrika, katika nchi ya Misri. Yapata mwaka 2000 KK wachoraji wa huko walikuwa na desturi ya kuugawa ukuta kabla ya kuchora. Walichovya kamba katika rangi nyekundu, wakaikaza juu ya ukuta, kisha wakaifyatua, nayo ikaacha mstari ulionyooka. Mtu aliyesimama alipewa miraba 18 tangu nyayo hata mwanzo wa nywele pajini. Magoti yaliangukia mstari wa 6, na shingo ilikutana na mabega katika mstari wa 16. Kwa kanuni hiyo mfalme wa kimo cha shubiri na mfalme wa kimo cha mnazi walikuwa na umbo moja.

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, umo ubao wa Kimisri uliopakwa plasta nyeupe. Juu yake amechorwa mfalme Thutmose wa Tatu, aliyetawala katika karne ya 15 KK, ameketi ndani ya miraba myekundu. Mistari ya namna hiyo huonekana pia katika makaburi ambayo mapambo yake hayakumalizika. Kazi iliyomalizika huificha, kwa maana rangi huifunika na patasi huiondoa. Basi siri ya mafundi hawa tumeijua zaidi kwa kazi walizoziacha njiani kuliko kwa zile walizozitimiza.

Tena makaburi ya wafalme hayakupambwa na mtu mmoja. Mmoja alichora, mwingine akasahihisha, wa tatu akachonga, wa nne akatia rangi. Kama kila mmoja angefuata jicho lake, ukuta ungalikuwa ugomvi mtupu. Miraba ndiyo iliyokuwa lugha yao moja.

Karne nyingi baadaye, katika mji wa Alexandria wa Misri hiyo hiyo, mtaalamu Ptolemy aliona shida ya jinsi hii katika ramani. Aliishi katika karne ya 2 BK. Alifahamu ya kuwa ramani inayonakiliwa kutoka nakala nyingine huharibika kidogo kidogo, mpaka ya mwisho haifanani na ya kwanza. Kwa hiyo aliandika orodha ya mahali karibu 8,000, kila mahali kwa hesabu ya latitudo na longitudo, ukiwamo mji wa Rhapta wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Aliyekuwa na orodha hiyo aliweza kuchora mistari yake upya, kwa ukubwa autakao, akaijaza.

Huko Italia, mjini Florence, Masaccio alichora Utatu Mtakatifu katika kanisa la Santa Maria Novella yapata mwaka 1427. Alama za miraba zilizokwaruzwa katika plasta zingali zikionekana usoni pa Mariamu. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliwashauri wachoraji watumie kitambaa chepesi kilichogawanywa kwa nyuzi nene kuwa miraba, wakakisimamisha kati ya jicho na kitu kinachochorwa. Walikuwako watu waliosema kwamba chombo hicho kitamlemaza mchoraji. Alberti hakukubaliana nao. Alitaka picha iliyo kweli, na asiyetumia msaada huu aliona ataipata kwa shida.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Chukua picha ya upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 15, uigawe kwa miraba ya sentimita moja moja. Utapata miraba 300. Ukitaka kuikuza mara 10, chora ukutani miraba 300 vile vile, lakini kila mmoja uwe na upande wa sentimita 10. Andika herufi juu na tarakimu kando katika pande zote mbili, kisha nakili mraba kwa mraba. Mstari unaokata katikati ya upande wa mraba mdogo ukate katikati ya upande wa mraba mkubwa. Urefu wote utakuwa mara 10, na pembe hazitabadilika hata kidogo. Lakini jihadhari na rangi! Eneo halikui mara 10, bali mara 10 kwa 10, yaani mara 100. Aliyetumia kopo moja kwa picha ndogo akanunua makopo 10 kwa ukuta, ataishiwa na rangi kabla hajafika mbali.

Wako wanafunzi wasemao kuwa kuchora ni karama ya wachache, na kipimo ni cha wasio na karama. Historia haiwaungi mkono. Masaccio alikuwa na karama, naye alipima. Miraba haimwambii mchoraji achore nini, wala haitii uhai katika uso. Hayo ni yake mwenyewe. Inamzuia tu asipotee njiani. Haba na haba hujaza kibaba: mraba mmoja hauonyeshi kitu ila kipande cha sikio au ukingo wa vazi, lakini wa mwisho ukijazwa, mfalme mzima ameketi ukutani. Hapo ndipo mwenye kazi huchukua kitambaa, akaifuta mistari.