Miaka Mitatu Chini ya Mkono wa Nani?

Ukimaliza chuo na digrii ya uhandisi au ya usanifu majengo, ushauri wa kwanza utakaopewa na wakubwa ni huu: tafuta mtu akushike mkono. Utausikia kwa mjomba, kwa mwalimu wako wa chuo, hata kwa jaduong' fulani wa mtaa aliyestaafu Wizara ya Ujenzi akaja kujenga nyumba yake Migosi. Ni ushauri mzuri. Shida ni kwamba wengi wanaoutoa walishikwa mkono na mfumo ambao siku hizi haupo, na hilo hawakuambii. Ndiyo maana historia ya huo mkono inafaa kujulikana, na Kisumu ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu mji wenyewe ulizaliwa na kazi ya mainjinia.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Desemba 1901. Kituo kikaitwa Port Florence, jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli. Kabla hata treni haijafika, meli SS William Mackinnon ilikuwa tayari majini. Ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikabebwa na wapagazi kutoka pwani, kisha ikaunganishwa upya hapa na kushushwa ziwani mwaka 1900. Baadaye zikaja Winifred, Sybil na Clement Hill, nazo zikiunganishwa papa hapa ufuoni.

Hebu fikiria darasa lililokuwa pale. Kila bamba lina mahali pake, kila ribiti ina tundu lake, na kosa dogo linaingiza maji. Kijana mwenye akili angejifunza kuunda meli kwa kutazama tu. Lakini kwenye reli ya kikoloni, vyeo na mishahara viligawanywa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Ungeweza kuishi na chuma miaka 30, ukakijua kwa sauti yake, na bado usiguse mchoro. Sheria ya kusajili wasanifu majengo ilikuwepo Kenya tangu miaka ya 1930, ila Mwafrika hakuwa na chuo cha kumfikisha kwenye usajili huo humu nchini. Ujuzi ulipita mkononi mwake kila siku bila kuandikwa jina lake.

Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1956, Royal Technical College ilipoanza kufundisha Nairobi. Ndicho chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Baada ya uhuru nchi ilihitaji barabara, hospitali, shule na ofisi, zote kwa mpigo. Mwajiri mkuu alikuwa serikali, na Wizara ya Ujenzi ikageuka shule ya pili. Ukitoka chuo unapangiwa kazi, unapata mshahara, unatumwa saiti Kakamega au Garissa, na juu yako kuna mkubwa ambaye ni kazi yake kuangalia hesabu zako, kukukaripia, na mwishowe kutia sahihi kwamba umeiva.

Mfano unaojulikana zaidi ni KICC. David Mutiso, Mkenya Mwafrika wa kwanza kuwa msanifu majengo, alifanya kazi wizarani na Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe aliyeletwa kwa msaada wa serikali ya Norway. Walichora jengo hilo pamoja, na likafunguliwa mwaka 1973. Watu hupenda kuuliza nani hasa alichora nini. Mimi naona jambo kubwa ni kwamba ofisi ya umma ilimpa msanifu Mkenya, aliyekuwa bado katika miaka yake ya 30, jengo zito kuliko yote nchini, na mtu wa kubishana naye juu ya michoro. Huko ndiko kushikwa mkono. Kulikuwa na bajeti yake.

Sasa njoo Migosi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa imeona haiwezi kumjengea kila mtu nyumba. Dandora, Nairobi, ilikuwa imeanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: badala ya nyumba, mtu anapewa ploti yenye maji, mtaro wa maji taka na barabara, kisha anajijengea chumba baada ya chumba kadri mfuko unavyoruhusu. Mradi uliofuata ukaingia Mombasa na Kisumu pia, na Migosi ikawa mtaa wa ploti za namna hiyo. Ndiyo maana mpangilio wake umenyooka kuliko wa Manyatta, jirani yake. Mistari ile ilipigwa na watu wa serikali wenye vifaa vya kupimia.

Lakini angalia kazi ilipokatikia. Injinia alimaliza barabara na mabomba, akaondoka. Kuanzia msingi kwenda juu, mambo yakabaki kati ya mwenye ploti na fundi. Kwa nyumba ya vyumba vitatu mpangilio huo ulitosha, na mafundi wazuri walikuwepo. Muda ukasonga, Kisumu ikapanuka, kodi ikapanda. Kwenye ploti zilezile zilizopimwa kwa nyumba ya chini, sasa zinasimama flati. Na Kisumu kuna sehemu nyingi zenye udongo mweusi unaofura mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Udongo huo hausomi mchoro wa kukopa. Unataka mtu wa kuchimba shimo, kupima, na kumwambia landilodi hapana.

Wakati huohuo, shule ya pili ilifungwa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 serikali iliacha kumwajiri kila aliyehitimu. Mwaka 1993 ukaja mpango wa kupunguza watumishi wa umma, wengi wakastaafu mapema, na pamoja nao ikaondoka ile ngazi ya wakubwa wa kati ambao kazi yao ilikuwa kulea. Vyuo viliendelea kutoa mainjinia. Mahali pa kuwaivisha pakapungua.

Sheria haikusubiri. Usajili wa wahandisi ulianza kisheria mwaka 1969, na Sheria ya Wahandisi ya 2011 ikaunda Bodi ya Wahandisi iliyopo sasa. Ukihitimu unasajiliwa kama mhandisi mhitimu, halafu unahitaji angalau miaka 3 ya uzoefu unaosimamiwa kabla ya kukaguliwa uwe mhandisi kamili. Wasanifu nao wana ngazi yao na mitihani yao. Sharti ni la haki kabisa. Ila lilitungwa kama kwamba wizara ile ya zamani bado ipo. Leo kijana anaambiwa alete miaka 3 chini ya mtaalamu, na mtaalamu mwenyewe ana ofisi ya watu wanne na malipo ya kontrakti yaliyokwama kaunti.

Kwenye pengo hilo ndipo unapozaliwa ushauri mbaya. Fanya kazi bure, utajulikana. Usimsumbue mkubwa kwa maswali. Na mbaya kuliko yote: kodi muhuri, maisha yaendelee. Aprili 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, likaua watu wapatao 50. Halikuwa na idhini. Muhuri ukiwa bidhaa, au usipotafutwa kabisa, wanaolipa ni wapangaji.

Kwa hiyo mkubwa akikwambia utafute mtu wa kukushika mkono, kubali, halafu uliza maswali ambayo historia imekufundisha. Je, atanionyesha hesabu, au nitabaki mpigapicha wa saiti? Atanipeleka msingi unapochimbwa? Atanieleza jengo lililomshinda? Andika daftari lako la kazi kila siku, si wiki moja kabla ya mahojiano. Muulize fundi kwa nini anafunga nondo vile, maana ujuzi mwingi uliozuiwa kufika kwenye karatasi tangu Port Florence bado uko mikononi mwao. Na omba nauli na chakula bila aibu. Waliokutangulia walilipwa mshahara kwa kujifunza.

Nanyi wakubwa, mazungumzo ya Jumamosi hotelini yanasaidia, asanteni. Lakini nyinyi hamkulelewa kwa mazungumzo. Mlipewa meza, saiti na mtu wa kutia sahihi. Kaunti inayojenga soko au zahanati inaweza kuandika kwenye kontrakti kwamba wahitimu wawili watalipwa kufuata kazi hiyo mwanzo hadi mwisho. Gharama yake ni ndogo kando ya bei ya saruji.

Pale bandarini Kisumu, zaidi ya miaka 100 baada ya William Mackinnon, Kenya Shipyards imeunda MV Uhuru II kwa ushirikiano na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Watu hupiga picha na meli. Ningependa zaidi kujua ni vijana wangapi waliosimama kando ya aliyeshika mchoro, na ni wangapi kati yao wanaweza kuushika wenyewe meli ijayo ikianza.