Ukaaji wa kudumu nchini Marekani: athari za kukaa nje ya nchi

Ukaaji wa kudumu ni hadhi ya kisheria inayomruhusu mgeni kuishi na kufanya kazi Marekani bila kikomo, na kitambulisho chake ni kadi ya kijani. Hadhi hiyo inaweza kupotea kwa kukaa nje ya nchi, hata kama muda wa kadi haujaisha. Watu wa Afrika Mashariki na Kongo wamekuwa wakiipata kwa bahati nasibu ya viza, kwa ndoa, au kwa njia ya ukimbizi, kama Wakongo waliohamishiwa huko kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma.

Imeenea dhana kwamba anayerudi kila baada ya miezi sita hana la kuogopa. Dhana hiyo imewaponza wengi. Kinachopimwa kwanza ni nia: je, safari ilikuwa ya muda, na makazi ya mtu bado yako Marekani? Anayeingia kwa wiki mbili kila mwaka kisha akarejea kwenye kazi na familia yake Nairobi anaweza kuhesabiwa kuwa ameuacha ukaaji. Aliyekwenda Mombasa kumuuguza mama yake kwa miezi minane, huku nyumba na kazi yake Marekani vikimngoja, ana hoja nzito ya kuwa bado ni mkazi.

Hata hivyo siku nazo zina uzito. Aliyekaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo anaweza kuchukuliwa kuwa anaomba kuingia upya. Mwaka 1 ukitimia, kadi peke yake haitoshi kumrudisha. Mwenye safari ndefu huomba mapema kibali cha kurejea kwa fomu I-131, akiwa bado ndani ya Marekani. Kibali hicho hudumu hadi miaka 2. Aliyekwama nje kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake huomba viza ya SB-1 ubalozini.

Mambo huwa magumu zaidi uwanja wa ndege. Afisa hupekua mihuri ya pasipoti na kuuliza: unafanya kazi wapi, watoto wanasoma wapi, kodi unalipa kama mkazi? Asiporidhika anaweza kumwekea msafiri fomu I-407, ya kuukana ukaaji. Kuitia saini ni hiari. Anayekataa ana haki ya kusikilizwa na jaji wa uhamiaji, na huko ni serikali inayotakiwa kuthibitisha kwamba ukaaji uliachwa. Msafiri aliyechoka, asiyejua haki hiyo, hupoteza kwa dakika chache alichokisubiri kwa miaka.

Uraia una hesabu yake. Mwombaji wa kawaida anahitaji miaka 5 ya ukaaji mfululizo na miezi 30 ya kuwapo nchini. Safari ya zaidi ya miezi 6 hutia shaka mfululizo huo. Ya mwaka 1 au zaidi kwa kawaida huukata, hata kwa mwenye kibali cha kurejea.

Akishapata uraia, masharti haya hayamhusu tena. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao, hivyo Mtanzania asiyetaka kuukana uraia wake hubaki chini ya masharti haya muda wote anapoishi Marekani.