Kijiwe Ndani ya Ndara

Neno la Kiingereza scrupulous, la kumweleza mtu anayechunga kila jambo hadi kujinyima raha, lilianzia chini ya wayo. Kwa Kilatini scrupulus ni kijiwe chenye ncha: kidogo, lakini kikiingia ndani ya ndara msafiri hafiki mbali.

Warumi wenyewe walikwisha kulihamishia moyoni. Mwaka 80 KK Cicero alimtetea Sextus Roscius, aliyeshtakiwa kwa kumuua baba yake. Mali ya marehemu ilikuwa mikononi mwa Chrysogonus, mtumwa aliyeachwa huru na Sulla. Cicero akawaambia waamuzi kwamba bwana huyo anawaomba wamng'olee kijiwe kinachomchoma usiku na mchana, maana mwenye haki ya urithi bado yu hai. Aliyechomwa hapo, basi, ni mporaji, wala si mcha Mungu.

Udogo wa kijiwe ulizaa pia kipimo. Kwa Warumi kilikuwa sehemu ya 24 ya wakia. Wauza dawa wa Uingereza wakakirithi kikiwa na uzito wa punje 20, takriban gramu 1.3.

Walioligeuza neno kuwa jina la maradhi ya roho ni watu wa Kanisa. Mwaka 1522, huko Manresa, Ignatius wa Loyola alikuwa amekwisha kuungama dhambi zake zote kwa maandishi, lakini akawa anarudi kuungama zilezile, akihofu kwamba ipo aliyoiacha, hadi akajiwa na mawazo ya kujiua. Baadaye, katika Mazoezi ya Kiroho, alitoa mfano wa mtu aliyekanyaga kwa bahati mabua mawili yaliyolaliana kama msalaba. Akijihukumu papo hapo kuwa ametenda dhambi, hilo ni kosa la kufikiri tu. Kijiwe hasa ni fikra inayomjia baadaye: anaona hakukosa, na bado anashuku kwamba alikosa. Waswahili wangesema ana wasiwasi, sawa na yule anayerudia udhu mpaka sala ya jamaa inampita.

Kiingereza kililipokea neno hilo katika karne ya 15. Leo limegeuka sifa, na mhasibu akiitwa hivyo hufurahi. Maana ya kupita kiasi imesalia zaidi katika nomino scrupulosity, wanayoitumia mapadri, na pia madaktari wa akili kwa mgonjwa anayeungama au kusali tena na tena bila kupata utulivu.