Amplifaya kuukuu za gita: Hatari ya umeme na jinsi ya kuiondoa

YA KALE ni dhahabu, walisema wahenga. Kwa wapiga gita wengi, msemo huu unaziafiki hasa amplifaya za vali zilizoundwa Marekani na Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960, zikiwemo za Fender na Vox, ambazo zingali zinasakwa kwa sababu ya mlio wake. Hata hivyo, nyingi kati yazo ziliundwa wakati ambapo masharti ya usalama yalikuwa hafifu, na zisipokaguliwa zinaweza kumuua anayezitumia.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mnamo Mei 1972, Les Harvey, mpiga gita wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kushika maikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa ardhini ipasavyo. Mnamo Mei 1976, Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa kwa kupigwa na umeme nyumbani kwake alipokuwa akicheza gita.

Chanzo cha hatari

Nyuzi za gita la umeme ni za chuma, nazo huungana na fremu ya chuma ya amplifaya kupitia kebo. Fremu ikiingiwa na umeme, nyuzi pia huingiwa. Mwanamuziki aliyeshika nyuzi hizo akigusa maikrofoni iliyounganishwa ardhini, mwili wake huwa daraja la kupitishia umeme.

Amplifaya nyingi za Marekani za enzi hiyo zilikuwa na waya wa nyaya mbili tu, bila waya wa ardhi. Aidha, ili kupunguza mvumo, waundaji waliweka kapasita moja kati ya waya wa umeme na fremu. Kapasita hiyo inapochakaa na kuanza kupitisha umeme moja kwa moja, fremu nzima huwa na nguvu ya umeme wa nyumba. Ndiyo maana mafundi huiita kapasita ya kifo.

Hatua za ukarabati

Kazi hii ni ya fundi aliyehitimu. Ndani ya amplifaya ya vali mna umeme wa volti 300 hadi 500, na kapasita kubwa zinaweza kuuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi huanza kwa kuumwaga umeme huo kupitia rezista, kisha huthibitisha kwa mita kuwa umekwisha. Kuumwaga kwa kugusisha bisibisi ni hatari.

Kwanza, waya wa zamani huondolewa na kuwekwa wa nyaya tatu. Waya wa ardhi, ulio wa kijani na manjano, hufungwa kwenye fremu kwa bolti yake pekee, wala si kwa bolti inayoshikilia transfoma. Huachwa mrefu kuliko nyaya zile nyingine ili kebo ikivutwa kwa nguvu, uwe wa mwisho kukatika. Waya wa moto, ulio wa kahawia, hupitia kwenye fyuzi kwanza, kisha swichi. Ule wa buluu wa nyutro huenda moja kwa moja kwenye transfoma.

Pili, kapasita ya kifo hukatwa na kuondolewa. Waya wa ardhi ukishawekwa, haihitajiki tena.

Tatu, fyuzi huwekwa ya kipimo kilichoandikwa na muundaji. Kuweka kubwa zaidi, au kuifunga kwa karatasi ya fedha ya sigara, ni kualika moto. Plagi ya pini tatu inayotumika nchini Kenya nayo huuzwa mara nyingi ikiwa na fyuzi ya ampia 13. Kwa amplifaya ya gita, ya ampia 3 kwa kawaida hutosha.

Nne, kapasita kubwa za kusafishia umeme hubadilishwa, kwani hukauka kadiri miaka inavyopita. Baadaye amplifaya huwashwa mara ya kwanza kupitia balbu ya kawaida ya wati 60 au 100 iliyounganishwa kwa mfululizo. Balbu ikiendelea kuwaka kwa nguvu bila kufifia, kuna hitilafu.

Tofauti ya volti

Amplifaya iliyoundwa kwa soko la Marekani hutumia takriban volti 120, ilhali umeme wa Kenya ni volti 240. Huhitaji transfoma ya kupunguza volti. Ni muhimu kuhakikisha kuwa transfoma hiyo inapitisha waya wa ardhi, kwani baadhi zina matundu mawili tu, na kazi yote iliyofanywa huwa bure.

Fauka ya hayo, zipo amplifaya ndogo za bei nafuu zilizoundwa bila transfoma ya umeme kabisa. Katika hizo, fremu yenyewe inaweza kuwa imeunganishwa na umeme wa nyumba, na waya wa ardhi pekee hautoshi. Hazifai kutumiwa hadi ziwekewe transfoma ya kutenganisha.

Uthibitisho

Kazi ikikamilika, plagi ikiwa imechomolewa, mita huwekwa kati ya pini ya ardhi na fremu. Kipimo kiwe chini ya omu 1. Kati ya pini ya moto na fremu kusiwe na njia ya umeme.

Wapo wanaokata pini ya ardhi ili kukomesha mvumo jukwaani. Tabia hiyo huirejesha hatari ile ile iliyoondolewa. Njia salama ni kuunganisha vifaa vyote kwenye soketi za laini moja, na kuweka swichi ya usalama inayokata umeme pindi miliampia 30 zinapovuja. Tahadhari kabla ya hatari.