Jiwe la Mutwanga liandikwe majina ya nani?

Tarehe 21 Aprili 2025 Hifadhi ya Virunga ilitimiza miaka 100. Hadithi yake kuu inajulikana: Wabelgiji waliitenga ardhi mwaka 1925, wakaipa jina la Mfalme Albert, baadaye mipaka ikasogezwa hadi huku kwetu. Ila hapa Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, historia hiyo ina sura ambayo haijapigiwa ngoma: mtambo mdogo wa umeme ulioanza kazi mwaka 2013. Ni kazi ya uhandisi inayostahili jiwe la kumbukumbu na siku ya kulizindua. Lakini kabla fundi hajaanza kulichonga, tukubaliane kwanza litamtaja nani.

Zamani wageni walikuja Mutwanga kwa ajili ya theluji. Mwaka 1932 msafara wa Wabelgiji ulioongozwa na Xavier de Grunne uliukwea mlima kutokea upande huu. Njia ya wapandaji ya upande huu inajulikana: unaondoka Mutsora, unapita kambi za Kalonge, Mahangu na Kiondo, ukiielekea Margherita, kilele chenye mita 5,109. Maji ya theluji na mvua yaliendelea kuteremka usiku na mchana, na watu wa bondeni waliendelea kuwasha koroboi. Mwenye mashine ya kusaga alinunua dizeli. SNEL, shirika la umeme la serikali, liliundwa mwaka 1970, lakini gridi yake haikufika huku.

Hifadhi na washirika wake, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, ndio waliojenga mtambo wa kwanza, wenye takriban kilowati 400. Hauhitaji bwawa kubwa. Sehemu ya mto inakingwa juu, inapitishwa kwenye mfereji, kisha inaporomoka ndani ya bomba la chuma hadi kwenye turbini. Maji yakishaizungusha, yanarudi mtoni. Hesabu ya hifadhi ilikuwa hii: mwenye umeme na kazi hatahitaji sana kuingia msituni kukata miti ya makaa wala kubeba bunduki. Tena Mutwanga iliitangulia sheria, kwa kuwa sheria iliyofungua sekta ya umeme kwa kampuni binafsi ilitoka tarehe 17 Juni 2014.

Matunda yake yalionekana upesi. Kiwanda cha SICOVIR kiliwashwa hapahapa, kikawa kinageuza mawese ya wakulima kuwa miche ya sabuni. Baadaye yakafuata mtambo wa pili na karakana ya chokoleti inayotumia kakao ya huku. Kampuni ya umeme ya hifadhi, Virunga Energies, ilikua: Matebe, kwenye mto Rutshuru, ilizinduliwa Desemba 2015 ikiwa na megawati 13.6, na Luviro ya Lubero ikafuata.

Basi tutafute mfano wa jiwe. Nchi yetu inao mmoja, na ni wa kutuonya. Kampuni ya Reli ya Kongo iliundwa mwaka 1889 chini ya Albert Thys, ikaanza mwaka uliofuata kujenga njia ya Matadi hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Adam Hochschild, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, anaeleza kwamba kilomita 23 hivi za mwanzo zilichukua miaka mitatu. Wachina 540 waliletwa mwaka 1892. Watu 300 kati yao walikufa au walitorokea porini. Wafanyakazi kutoka Barbados walikataa kushuka melini walipoambiwa wako Kongo, na askari wakawafyatulia risasi. Hesabu rasmi ya vifo ni Wazungu 132 na watu weusi na Wachina 1,800, na wengi wanaamini kwamba hata hiyo imepunguzwa. Watu wa njia ile walikuwa na msemo wao: kila taruma la reli ni roho ya Mwafrika.

Kwa uhandisi, reli ile ilikuwa ajabu ya wakati wake. Ilikuwa na madaraja 99 ya chuma, na safari ya wiki tatu kwa miguu ikawa ya siku mbili. Uzinduzi ulifanyika Julai 1898. Baadaye, kando ya njia ya zamani, zikasimamishwa sanamu tatu za wapagazi wakubwa kuliko binadamu: mmoja amejitwisha sanduku kichwani, wawili wameanguka miguuni pake kwa uchovu. Maandishi yake yanadai kwamba reli iliwakomboa kutoka kwenye upagazi. Aliyewafanya wapagazi hakutajwa.

Ugomvi wa nani anastahili kumbukumbu haujazikwa. Februari 2005 serikali iliirudisha sanamu ya Leopold II, iliyokuwa imeondolewa enzi za Mobutu, na kuisimamisha karibu na stesheni kuu ya Kinshasa, mji ambao reli ya Thys iliufikia. Waziri wa utamaduni, Christophe Muzungu, alitaka watu waone na mema ya enzi zile. Saa chache baadaye sanamu ikang'olewa. Ndivyo inavyokuwa jiwe linaposimamishwa kabla ya watu kuulizwa.

Mutwanga isirudie kosa hilo. Virunga Energies haikujenga kwa viboko, na kuilinganisha na kampuni ya Thys itakuwa dhuluma. Hata hivyo kila kampuni, ikiachiwa kalamu, huandika jina lake, la mfadhili na la mheshimiwa aliyekata utepe. Mfereji wa Mutwanga ulichimbwa na vijana wa huku. Nyaya zimeendelea kubeba umeme wakati sekta ya Ruwenzori inazika watu wake waliouawa na waasi wa ADF, hasa tangu mwaka 2020. Walinzi wa hifadhi zaidi ya 200 wamekufa kazini katika Virunga nzima.

Kwa hiyo pendekezo langu ni rahisi. Liwekwe jiwe la mlima wenyewe, kando ya barabara ambako mwenye chukudu na mwanafunzi watalisoma. Liandikwe kwa Kiswahili na Kinande kabla ya Kifaransa. Orodha za mishahara zitolewe kabatini, waashi, wachimbaji na mafundi umeme watajwe kwa majina, na mto utajwe. Siku ya uzinduzi mchimbaji ahutubie kabla ya mkurugenzi, na mwenye mashine ya kusaga apewe nafasi ya kusema kama bei ya umeme anaimudu. Kampuni itakayokubali kusikilizwa hivyo mbele ya umati itakuwa imestahili jina lake kuwekwa kwenye jiwe, mstari wa mwisho.