Historia ya Kuutuliza Mwale

Katika maabara ya shule niliyofundisha fizikia hapa Pugu, Dar es Salaam, wanafunzi wa kidato cha sita wakiunganisha dayodi nne ili kuunyoosha umeme, oskiloskopu huonyesha vilima 100 kila sekunde, kwa sababu umeme wetu wa ukutani una mizunguko 50 kwa sekunde. Wakiongeza kapasita, vilima hushuka, lakini haviishi. Niliwaambia kila mwaka kwamba vilima hivyo vimewahangaisha wanafizikia wa dunia kwa zaidi ya nusu karne.

Katika mashine ya duara ya kuongezea chembe kasi, sumaku huzizungusha protoni mpaka zifikie nishati inayotakiwa. Zikitoka zote kwa mpigo, vifaa vya kupimia huzidiwa. Hivyo hutolewa polepole, kwa sekunde kadhaa. Hesabu ya njia hiyo iliandikwa mwaka 1967 na Wajapani wawili, Kobayashi na Takahashi. Sumaku hupangwa ili kila baada ya mizunguko mitatu chembe irudi karibu na ilipokuwa na kusukumwa tena upande uleule. Myumbo wake hukua hadi ivuke ukuta mwembamba wenye umeme na kutoka nje, na chembe zinazotoka hivyo ndizo mwale.

Lakini sumaku hizo hulishwa umeme ulionyooshwa, na umeme huo una vilima. Mtikisiko mdogo mno huusogeza mpaka unaotenga chembe zilizotulia na zinazotoka, na chembe hutoka kwa mafungu kama abiria wanaosukumana mlangoni mwa daladala. Mashine ya SPS ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, yenye mzingo wa karibu kilomita 7, ilianza kazi mwaka 1976. Gridi ya Ulaya ina mizunguko 50 kama yetu, na alama yake huonekana ndani ya mwale. Dawa mojawapo ambayo wataalamu wa huko waliipata ni kuupima mtikisiko, kisha kuzipelekea sumaku mtikisiko ulio kinyume chake.

Mwaka 1978, Simon van der Meer wa CERN alishika njia nyingine: chembe zenyewe zisukumwe kidogo kidogo kwa kelele ya redio. Katika miaka ya 1980, mashine ya LEAR ya hapohapo CERN ilitumia wazo hilo kutoa antiprotoni kwa saa nzima mfululizo.

Kisha ufundi huu ukaingia hospitalini. Huko Chiba, Japani, mashine ya HIMAC ilianza kutibu saratani kwa ayoni za kaboni mwaka 1994. Wataalamu wake waliweza kuuwasha na kuuzima mwale kwa kufuata pumzi ya mgonjwa, maana uvimbe wa mapafu husogea kila anapovuta hewa.

Sisi wa Pugu tukiugua saratani hupelekwa hospitali ya Ocean Road. Huko kuna mashine za mionzi za mstari ulionyooka, zisizo na duara wala utoaji wa polepole, ila nazo hupima dozi papo hapo na kuukata mwale kiwango kikitimia. Sharti ni lilelile: wastani mzuri hautoshi. Mwale hauna budi kuwa sahihi katika kila sehemu ya sekunde, kwa sababu mwili wa mgonjwa hupokea kila sehemu hiyo.