Tovuti Kabla Haijaenda Hewani

Watengenezaji wa tovuti duniani kote huifungua anwani 127.0.0.1 kila siku, na hakuna aliyewahi kumkuta mwenzake humo. Anayeiandika kwenye kivinjari hurudishwa kwenye kompyuta yake mwenyewe. Joyce Reynolds na Jon Postel, waliokuwa watunzaji wa orodha ya namba za intaneti, waliieleza kazi hiyo katika waraka wa Novemba 1986: namba zinazoanza na 127, zaidi ya milioni 16, zimetengwa ili mashine izungumze na nafsi yake. Wakati huo duniani hapakuwa na tovuti hata moja. Mafundi walitaka tu kupima programu zao za mtandao bila kupeleka chochote kwenye waya.

Miaka minne baadaye, seva ya kwanza ya tovuti ilizaliwa juu ya meza ya kazi. Mwishoni mwa 1990 Tim Berners-Lee, mtaalamu Mwingereza katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva, aliandika seva na kivinjari kwenye kompyuta moja aina ya NeXT. Mashine iliyohifadhi kurasa ndiyo hiyo hiyo iliyozifungua. Akaibandikia karatasi yenye maneno ya wino mwekundu, akionya kuwa hiyo ni seva na mtu asiizime. Onyo hilo lilikuwa na sababu: mtu akibonyeza swichi, mtandao mzima wa tovuti duniani ungelala.

Seva ya kwanza nje ya Ulaya iliwashwa Desemba 1991 katika maabara ya SLAC, California, ili wanafizikia wapekue orodha ya machapisho yao. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Stanford, walianza kuorodhesha tovuti walizozipenda. Orodha hiyo, iliyokuja kuitwa Yahoo, ilikaa kwenye kompyuta yao ya masomo iliyopewa jina la Akebono, mcheza sumo maarufu. Katika miaka hiyo hakuna aliyeona ajabu tovuti kuishi chumba kimoja na mwenyewe.

Mambo yalibadilika wageni walipoongezeka. Tovuti yenye wasomaji maelfu ilihitaji umeme usiokatika, laini yenye kasi na mtu wa kukesha nayo, kwa hiyo seva zikahamia kwenye vyumba vyenye viyoyozi na makufuli. Hapo fundi akatengana na mashine yake. Akitaka kurekebisha ukurasa, alipandisha faili kwenye seva ya mbali, akaangalia matokeo, akakuta kosa, akapandisha tena. Kosa lake lilionekana na kila aliyepita kabla hajaliziba.

Dawa ya usumbufu huo, yaani fundi kuwa na seva ya majaribio kwenye kompyuta yake mwenyewe, ilitokana na programu za bure. Seva iliyotumika sana mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliandikwa na Rob McCool katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois. Alipoondoka mwaka 1994, programu ilibaki bila mlezi, na wasimamizi wa tovuti wakawa wanatumiana viraka vya kuitengeneza kwa barua pepe. Februari 1995 kikundi kidogo, Brian Behlendorf akiwa mmoja wao, kiliamua kuvikusanya viraka hivyo mahali pamoja. Ndivyo ilivyopatikana Apache. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba mwaka huo, na haikupita miezi mingi ikawa seva iliyoenea kuliko nyingine yoyote. Kwa kuwa haikuuzwa, mtu yeyote aliweza kuiweka kwenye kompyuta yake bila kumwomba ruhusa mwajiri wala muuzaji.

Mwaka huo huo wa 1995 ulileta vipande viwili vingine. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa hadharani PHP, mkusanyiko wa zana alizokuwa amejiandikia kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, zikiwemo za kujua nani ameusoma wasifu wake wa kazi. Huko Sweden, Michael Widenius na wenzake walitengeneza hifadhidata ya MySQL, iliyobeba jina la binti yake, My. Vipande hivyo vilipoungana na Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, ilipatikana karakana kamili isiyogharimu senti. Mwaka 1998 jarida la Ujerumani la c't liliupa mkusanyiko huo jina la LAMP, na jina likashika.

PHP ndiyo iliyoifanya seva ya nyumbani kuwa ya lazima. Ukurasa wa HTML mtupu hufunguka kwa kubofya faili lake mara mbili, maana kivinjari kinajua kuusoma. Faili la PHP halifunguki hivyo. Lina amri zinazotakiwa kutekelezwa kwanza: kuuliza hifadhidata, kuhakiki nywila, kupanga bidhaa kwa bei. Seva huzitekeleza, kisha humpa msomaji HTML iliyokwisha kuiva. Bila seva, mwanafunzi aliyeandika duka lake la kwanza la mtandaoni huona amri zake tu zikiwa zimetapakaa kwenye kioo.

Tatizo ni kwamba kuviunganisha vipande hivyo ilikuwa kazi ya wenye moyo. Kila kimoja kilikuwa na faili lake la mipangilio, na koma moja ikikosewa Apache ilikataa kuwaka. Wengi waliokuwa wakijifunza walitumia Windows, ilhali maelekezo mengi yaliandikwa kwa watu wa Linux.

Wafaransa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulitatua, kwa kifurushi cha EasyPHP kilichoviweka vyote kwenye Windows kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2002 Wajerumani wawili, Kai Seidler na Kay Vogelgesang, waliokuwa wameanzisha kikundi cha Apache Friends, wakatoa XAMPP. Mtu alipakua faili moja, akabofya mara kadhaa, na kidirisha kidogo kikamwonyesha vitufe vya kuwasha Apache na MySQL. Faili za tovuti ziliwekwa kwenye folda iitwayo htdocs, na kwenye kivinjari aliandika localhost, jina la anwani ile ile ya 127.0.0.1. Kizazi kizima cha watengenezaji wa tovuti kilianzia kwenye folda hiyo.

Maudhi hayakukosekana. Seva ya tovuti husikiliza kwenye mlango namba 80, na mlango mmoja hauchukui programu mbili. Kwa miaka mingi matoleo ya Skype ya Windows yaliushika mlango huo huo, hivyo anayejifunza alibaki akishangaa kwa nini Apache haiwaki, hadi mtu amwambie aifunge Skype au aihamishie Apache kwenye mlango 8080. Hatari kubwa zaidi ilikuwa usalama. XAMPP ilikuja na hifadhidata isiyo na nywila ili kumrahisishia mwanafunzi, na watengenezaji wake walionya wazi kuwa ni ya majaribio, isiwekwe mbele ya umma.

Mpaka kati ya majaribio na hadhara ni mwembamba. Oktoba 2003 Mark Zuckerberg, mwanafunzi wa Harvard, aliiendesha tovuti ya Facemash kutoka kwenye laptopu yake bwenini, akiwalinganisha wanafunzi wenzake kwa picha alizozichota kwenye mitandao ya chuo bila idhini. Ndani ya saa chache mamia ya watu walikuwa wameifungua, na chuo kikamwita kujieleza. Miezi michache baadaye alizindua Facebook, nayo ikiwa imejengwa kwa PHP na MySQL.

Afrika Mashariki seva ya kwenye kompyuta ya mtu ilikuwa na faida ya ziada. Hadi Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Mombasa na Dar es Salaam, intaneti ya ukanda huu ilitegemea zaidi setilaiti, ghali na ya polepole. Kupandisha faili kwenye seva ya ng'ambo kwa kila jaribio kulimaanisha kulipia kila kosa. Kwa localhost, kosa halikuwa na bei. Kifurushi kilichopakuliwa mara moja kingeweza kubebwa kwenye flashi na kusambazwa darasa zima. Ushahidi, jukwaa la ramani lililoanzishwa Kenya Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi na watu kama Ory Okolloh na David Kobia, lilikuja kutolewa kama programu huria ya PHP na MySQL. Aliyetaka kulichunguza aliweza kulisimika kwenye kompyuta yake akaone lilivyoundwa. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, programu hiyo ilitumika kukusanya taarifa za waliohitaji msaada.

Hata majina ya tovuti za majaribio yana historia ya ugomvi. Tangu Juni 1999 wasimamizi wa viwango vya intaneti walikuwa wametenga, kwa waraka, miishio ya .test na .localhost kwa kazi hiyo, lakini wengi waliipenda .dev kwa ufupi wake. Google ikaja kuimiliki .dev kihalali, na Desemba 2017 kivinjari cha Chrome toleo la 63 kikaanza kulazimisha kila tovuti ya .dev itumie muunganisho uliosimbwa. Watu wakaamka na kukuta tovuti za kwenye kompyuta zao hazifunguki. Waliopuuza waraka wa 1999 wakahamia .test kwa shingo upande.

Siku hizi njia ni nyingi. Docker, iliyotangazwa Machi 2013, hufungasha tovuti pamoja na kila inachokihitaji, ili kinachofanya kazi kwa fundi mmoja kifanye kazi kwa mwenzake. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyoingia sokoni Uingereza Februari 2012, inatosha kuhudumia chumba kizima kupitia Wi-Fi, na PHP yenyewe tangu toleo la 5.4 la mwaka huo ina seva ndogo ndani yake, inayowashwa kwa amri ya mstari mmoja.

Walimu wa kompyuta wenye maabara isiyo na intaneti hawana haja ya kungoja laini ifike ndipo wafundishe utengenezaji wa tovuti. Wapakue XAMPP au PHP mahali penye mtandao, waibebe kwenye flashi, waisimike kwenye kila mashine, kisha kila mwanafunzi aandike ukurasa wake na kuufungua hapo hapo alipoketi.